Ghala Limejaa, Mashine Zimeganda: Utatuzi wa Matatizo ya Hifadhi kwenye Kompyuta Pepe

Mwongozo huu ni wa fundi anayesimamia kompyuta pepe: mtumiaji anakaa mbele ya kiboksi kidogo au kompyuta kuukuu, huku Windows anayoitumia inaendeshwa na seva iliyofungiwa chumba cha nyuma. Hapa Uganda utaukuta mpangilio huu kwenye maabara za vyuo na kwenye ofisi zenye matawi, na sababu inaeleweka. Kuilinda seva moja kwa UPS na jenereta ni rahisi kuliko kulinda kompyuta 60. Tatizo ni kwamba hifadhi ya seva hiyo ikijaa, hakuna anayebaki akifanya kazi.

Msimamo wangu ni mmoja. Hifadhi ya kompyuta pepe ikijaa, mara nyingi si kwamba diski ni chache. Kuna nafasi iliyoshikwa na kitu ambacho hakuna anayekitumia tena, na hakuna aliyeiambia seva kwamba kimeachwa. Ukinunua diski kabla ya kujua nani ameshika nafasi, diski mpya nazo zitajaa. Na diski za seva kwetu si kitu cha kukimbilia dukani. Za SAS (aina ya diski za seva) za seva iliyozeeka kidogo huenda ukaziagiza kutoka Nairobi au Dubai, na mhasibu hatasaini kabla ya kuona proforma tatu mezani.

Maneno manne yatajirudia. Ghala ni sehemu ya hifadhi ambamo diski za mashine pepe zinakaa. Imeji mama ni Windows moja iliyoandaliwa vizuri, na kloni ni mashine zinazozaliwa kutoka kwake. Diski nyembamba ni ile inayoambiwa ina 80 GB lakini inachukua ghalani kile tu kilichoandikwa.

Mashine zote zimeganda kwa wakati mmoja

Simu ya namna hii huja hivi. Fundi kijana yuko Arua, anapiga akiwa amesimama ndani ya chumba cha seva.

"Boss, mashine zote zimekufa. Wanafunzi wako ndani, wanafanya jaribio."

"Pole ndugu yangu. Seva yenyewe inawaka?"

"Inawaka."

"Basi usiwashe upya chochote. Nisomee ghala limebaki na ngapi."

"Inasema sifuri."

Ghala la diski nyembamba likijaa kabisa, mashine kwa kawaida haziharibiki papo hapo, zinasimamishwa. Namna inategemea haipavaiza, yaani programu ya seva inayoendesha mashine pepe. VMware huisimamisha mashine iliyohitaji nafasi mpya na kukuuliza swali lenye vitufe viwili, Retry na Cancel. Hyper-V huandika Paused-Critical. Proxmox yenye LVM-thin (mfumo wa Linux wa diski nyembamba) inahitaji haraka zaidi, kwa sababu uandishi husubiri sekunde 60 tu kwa mpangilio wa kawaida, kisha mashine zinapewa hitilafu ya diski na mfumo wa faili ndani yake unaweza kuumia.

Kuna mambo mawili ya kutofanya. Usibonyeze Cancel, maana inazima mashine kama vile umechomoa waya. Na usiingie ghalani kufuta kwa mkono faili zenye mkia wa -000001.vmdk au .avhdx kwa kuwa zinaonekana za zamani. Hizo ni sehemu ya diski iliyo hai, kila moja ikitegemea iliyo kabla yake. Ukifuta moja, mnyororo umekatika na kazi ya mtu imepotea. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote katika ukurasa huu, kwa sababu kujaa kwa ghala kunarekebishika, lakini mnyororo uliokatika bila nakala rudufu hauna dawa.

Kwenye VMware, njia ya haraka ya kupumua ni kuzima kwa utaratibu mashine zisizo na mtu. Kila mashine inayowaka ina faili ya .vswp ghalani, yaani akiba ya siku RAM itakapopungua, na faili hiyo hufutika mashine inapozimwa. Mashine tano za RAM 8 GB zinaweza kukurudishia hadi 40 GB papo hapo. Ukishapata nafasi, rudi kwenye lile swali ubonyeze Retry, mashine itaendelea pale ilipoishia. Baada ya hapo tafuta faili za ISO (za kusakinishia mifumo) zilizosahaulika na uzihamishe.

Kwenye Proxmox anza na amri hii:

lvs -a

Utaona mstari wa bwawa, yaani nafasi ya pamoja ambamo diski nyembamba zote zinachota, kwa mfano:

data  pve  1.60t  Data% 99.87  Meta% 41.20

Data% ndiyo nafasi yenyewe. Meta% ni kumbukumbu ya bwawa kuhusu nani anamiliki bloku ipi, nayo ikifika 100 shida ni ileile hata kama Data% iko chini, kwa hiyo soma zote mbili kila mara. Usakinishaji wa kawaida wa Proxmox kwenye diski inayozidi 128 GB huacha 16 GB nje ya bwawa. Angalia kwa amri ya vgs. Kama bado zipo:

lvextend -L +10G pve/data

na kama Meta% ndiyo iliyojaa:

lvextend --poolmetadatasize +1G pve/data

Mafundi wengi hukimbilia kufuta snapshoti, yaani alama ya hali ya diski ya wakati fulani, wakati ghala liko sifuri. Subiri kwanza. Kwenye VMware na Hyper-V, kufuta snapshoti ni kuunganisha, yaani data ya snapshoti inaandikwa kwenye diski ya msingi, na kazi hiyo yenyewe inataka nafasi. Pata kwanza makumi kadhaa ya gigabaiti kwa njia nilizotaja, ndipo uunganishe.

Mtumiaji amefuta faili, ghala halijapungua

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu wanunue diski bila sababu. Ndani ya Windows, C: inasema imetumika 28 GB. Ghalani, diski ya mashine hiyohiyo imeshika 71 GB. Mtumiaji alipakua video za mafunzo, akazitazama, akazifuta, lakini seva haikupata habari.

Windows ikifuta faili, inaandika tu upande wake kwamba sehemu ile iko wazi. Seva bado inaiona sehemu hiyo ina data. Ni kama mpangaji aliyehama bila kurudisha ufunguo: mwenye nyumba anaendelea kukihesabu chumba kuwa kina mtu. Ujumbe wa kurudisha nafasi huitwa TRIM au UNMAP kutegemea aina ya diski, nao lazima upite ngazi zote: Windows, kisha haipavaiza, kisha ghala, na kama ghala liko kwenye hifadhi ya mtandao, mpaka huko. Ngazi moja ikiuzuia, nafasi hairudi.

Anza ndani ya Windows:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Jibu la 0 lina maana kwamba Windows inatuma ujumbe. Likiwa 1, umepata mwizi. Kisha lazimisha kwa mkono:

Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim -Verbose

Tazama ghalani baada ya dakika kadhaa. Kama nafasi imeshuka, njia iko wazi, ilihitaji kusukumwa tu. Isiposhuka, panda ngazi inayofuata.

Kwenye Proxmox fungua mipangilio ya diski ya mashine uone kama Discard imewekewa alama. Mashine nyingi nilizokuta zimevimba hazina alama hiyo, kwa sababu wakati wa kuunda mashine kisanduku kile hakiwekwi alama chenyewe. Tumia kontrola ya VirtIO SCSI, weka alama, zima mashine kabisa kisha uiwashe, halafu rudia Optimize-Volume. Kwa mashine za Linux amri ni fstrim -av.

Kwenye VMware hakikisha diski ni nyembamba, maana diski nene hairudishi kitu. Ghala la VMFS 6 (mfumo wa faili wa VMware) hurudisha nafasi lenyewe polepole, kwa hiyo lipe saa kadhaa kabla ya kulalamika. Ghala la zamani la VMFS 5 halifanyi hivyo na unalazimika kuamuru:

esxcli storage vmfs unmap -l JinaLaGhala

Kwa Hyper-V, faili ya VHDX (diski pepe) inayokua haijipunguzi yenyewe kwa ukubwa wa kueleweka. Zima mashine, ifungue faili yake kwa kusoma tu kwa Mount-VHD -ReadOnly, endesha Optimize-VHD ikiwa na -Mode Full, kisha Dismount-VHD. Nenda nayo usiku, mashine moja baada ya nyingine.

Jambo moja linachanganya hata mafundi wazoefu. Miongozo mingi ya kuharakisha kompyuta pepe inakuambia uzime kazi ya ratiba inayoitwa ScheduledDefrag. Kwenye kloni zinazozaliwa upya kila siku, hilo ni sawa. Kwenye mashine ambayo mtu ameikalia mwaka mzima, kazi hiyohiyo ndiyo inayotuma TRIM kila wiki, na ukiizima, umeziba njia ya kurudishia nafasi kwa mkono wako. Tenganisha makundi haya mawili kabla ya kufuata orodha ya mtu yeyote, ikiwemo hii yangu.

Ghala linavimba usiku wakati hakuna mtu ofisini

Mshukiwa wa kwanza ni programu ya nakala rudufu. Inachukua snapshoti, inanakili, halafu inatakiwa kuifuta. Umeme ukikatika katikati, au mtandao wa kwenda kwenye hifadhi ya nakala ukiyumba, snapshoti inabaki. Usiku unaofuata inachukuliwa nyingine juu yake. Kila moja inaweza kukua hadi ukubwa wa diski yake ya msingi.

VMware yenyewe inashauri usikae na snapshoti moja zaidi ya saa 72, na mnyororo usizidi mbili au tatu ingawa mfumo unaruhusu hadi 32. Usitegemee dirisha la snapshoti peke yake. Mara nyingine linaonyesha hakuna kitu, kumbe faili za -00000X.vmdk zimejaa ghalani na mashine inasema inahitaji kuunganishwa. Fungua folda ya mashine uone kwa macho, kisha tumia Consolidate, usitumie kitufe cha kufuta faili.

Uwe mwangalifu na snapshoti ya imeji mama. Kundi la kloni limeshikilia snapshoti maalumu ya imeji hiyo. Fundi mpya akiiona ina miezi mitatu ataidhani takataka. Iandike jina linaloeleweka, kwa mfano USIFUTE-maabara-2. Vivyo hivyo, kwenye Horizon, mfumo wa kompyuta pepe unaokaa juu ya VMware, utaona mashine zenye majina yanayoanza na cp-template, cp-replica na cp-parent. Hizo zimeundwa na mfumo wenyewe. Zikibaki yatima baada ya kundi kufutwa, kuna zana yake ya kuzisafisha, iccleanup.cmd, na hiyo ndiyo njia ya kuziondoa.

Hesabu ya diski hailingani na ghala

Umejumlisha diski zote za mashine, umepata 1.1 TB. Ghala linasema 1.6 TB. Nusu terabaiti iko wapi?

Iko kwenye kumbukumbu. Ile faili ya .vswp niliyoitaja ina ukubwa wa RAM ya mashine ukitoa kiasi ulichoihakikishia. Mashine 60 zenye RAM 8 GB bila uhakikisho ni 480 GB za ghala zinazokaa pale zikisubiri siku seva itakapoishiwa RAM. Kama seva yako ina RAM halisi ya kuzitosheleza zote, weka alama kwenye kipengele cha kuhakikisha kumbukumbu yote, na faili hizo zinashuka hadi sifuri mashine zikizimwa na kuwashwa. Kama RAM haitoshi, hakikisha nusu, au elekeza faili hizo kwenye diski ya bei nafuu ndani ya seva badala ya ghala la SSD.

Hyper-V ina jambo lake la namna hiyo. Mashine ikiwa imepangwa kujihifadhi wakati seva inazimwa, Hyper-V hutenga nafasi ya diski sawa na RAM yake. Badilisha mpangilio huo wa Automatic Stop Action uwe wa kuzima kwa utaratibu, na nafasi inarudi. Lazima mashine iwe imezimwa ndipo ubadilishe.

Proxmox na ZFS: diski ya 100 GB imekula 150 au zaidi

Hili linastahili kuelezwa polepole kwa sababu ripoti za kawaida hazikuonyeshi sababu.

RAID ni kuunganisha diski kadhaa na kuandika data ya ulinzi ili diski moja ikifa kazi isipotee, na RAIDZ ni namna ya ZFS, mfumo wa hifadhi, ya kufanya hivyo. ZFS ya RAIDZ haigawi nafasi kwa namna ya RAID 5 ya kawaida. Kila bloku ya diski pepe inaandikwa na ulinzi wake peke yake, kisha jumla inapandishwa hadi idadi ya sekta inayogawanyika kwa kiwango cha ulinzi kuongeza moja. Chukua diski zenye sekta za 4K na volblocksize (ukubwa wa bloku ya diski pepe) ya 8K. Data ni sekta 2. Kwenye RAIDZ2 ulinzi ni sekta 2, jumla 4, lakini 4 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo inapandishwa hadi 6. Umeandika 8K, umelipa 24K. Kwenye RAIDZ1, 2 na 1 ni 3, inapandishwa hadi 4: umeandika 8K, umelipa 16K. Yaani ukanunua diski sita ukitegemea kupoteza moja tu kwa ulinzi, kumbe kwa diski pepe unapoteza nusu.

Kagua:

zfs list -o space
zfs get volblocksize,volsize,used,refreservation jina/la/diski

Volblocksize haibadilishwi diski ikishaundwa. Badilisha kwenye mipangilio ya hifadhi ya Proxmox, weka 16K au 32K, kisha hamisha diski kwenda hifadhi nyingine na kuirudisha ili iundwe upya. Mimi kwa kompyuta pepe nashauri vioo, yaani diski mbilimbili, badala ya RAIDZ kabisa. Unapoteza nusu waziwazi, lakini unapata kasi.

Ukikuta refreservation (nafasi iliyotengwa mapema) ina ukubwa wa diski nzima, diski hiyo si nyembamba. Weka alama ya Thin provision kwenye hifadhi kabla ya kuunda nyingine. Ugandamizaji wa lz4 uuwashe bila woga, ukijua kwamba unagusa data mpya tu. Kipengele cha ZFS cha kuondoa marudio kiache. Kinakula RAM nyingi ambayo mashine zako zinaihitaji, na kama unatumia kloni, marudio makubwa tayari yameondoka kwa kuwa zote zinasoma imeji moja.

Na usijaze bwawa la ZFS. Likipita asilimia 80 hivi, uandishi unaanza kuwa mzito kabla hata nafasi haijaisha.

Kloni zilianza na 2 GB, sasa zina 20

Kloni inatakiwa ibaki nyembamba kwa sababu inaandika tofauti tu. Ikinenepa, jiulize ni nini kinachoandika. Jibu karibu kila mara ni Windows yenyewe: masasisho yanayopakuliwa na kila kloni peke yake, programu za Store, faharasa ya utafutaji, ufafanuzi mpya wa kinga ya virusi kila siku. Masasisho yaweke kwenye imeji mama peke yake na uyazime kwenye kloni. Hapo unaokoa hifadhi na pia bando, maana kloni 60 kupakua sasisho lilelile kwa intaneti ya kulipia ni hasara ya wazi.

Kisha panga kloni zirudishwe upya mtu anapotoka, au angalau kila usiku. Kloni ambayo haijarudishwa upya tangu muhula uanze imekuwa mashine kamili inayojidai ni kloni.

Imeji mama yenyewe ipunguzwe kabla ya kuzaa. Ndani yake:

powercfg /h off
Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup /ResetBase

Ya kwanza inaondoa hiberfil.sys, ambayo mashine pepe haina kazi nayo. Ya pili inasafisha masalia ya masasisho, na baada yake huwezi tena kuyaondoa masasisho yaliyopo, kwa hiyo fanya ukishajaribu kwamba kila programu inafanya kazi. Windows 10 tangu toleo la 1903 na Windows 11 hutenga pia takriban 7 GB kwa ajili ya masasisho yajayo. Kwenye kloni hazina maana:

DISM /Online /Set-ReservedStorageState /State:Disabled

Folda ya Windows.old ifute. Baada ya yote endesha TRIM, zima, ndipo uchukue snapshoti.

Ukumbuke tu kwamba imeji haikai mahali pamoja. Horizon na MCS, zana ya Citrix ya kuzalisha kloni, huweka nakala nzima ya imeji kwenye kila ghala la kundi, na wakati wa kubadilisha toleo, la zamani na jipya yanaishi pamoja kwa muda. Acha nafasi ya imeji mbili kwa kila ghala. Wengi wenu mnahamia Windows 11 baada ya msaada wa Windows 10 kuisha tarehe 14 Oktoba 2025. Wiki ya kuhama ndiyo wiki ghala hujaa.

Nafasi ipo, lakini kila kitu kinakwenda polepole

Kama polepole ilianza baada ya umeme kukatika, angalia betri ya kontrola ya RAID kabla ya kitu kingine. Betri hiyo inalinda kashe ya uandishi, yaani data inayosubiri kuandikwa kwenye diski. Ikifa, kontrola nyingi huacha kuamini kashe na kuandika moja kwa moja kwenye diski, na maabara nzima inakuwa nzito bila hitilafu yoyote kuonekana kwenye Windows. Kwa kontrola zinazokubali storcli:

storcli /c0/bbu show
storcli /c0/cv show

Kama ni kila asubuhi, au dakika ileile umeme unaporudi, mashine zote zinawaka pamoja. Zipangie kuwaka kwa zamu, chache chache, zikipishana kwa nusu dakika.

Kama ni siku nzima, fanya hesabu. Diski 8 za SAS za mizunguko 10,000 zina takriban operesheni 140 kwa sekunde kila moja, jumla 1,120. Kompyuta pepe zikishawaka huandika kuliko kusoma. Chukua asilimia 80 uandishi. RAID 5 inageuza kila uandishi mdogo kuwa operesheni nne, kwa hiyo unabaki na takriban 330 za kutumia. RAID 10 inageuza kuwa mbili, unabaki na 620. Kwa mashine inayotaka 10, ni tofauti ya mashine 33 na mashine 62 kwa diski zilezile. Kwa hiyo anayekuambia ubadilishe RAID 10 kwenda RAID 5 ili "kuongeza nafasi" anakuuzia gigabaiti kwa bei ya watumiaji.

SSD za kompyuta za kawaida zinazojaa madukani Kampala zinajaribu pochi, lakini nyingi hazina ulinzi wa umeme kukatika na hazikuundwa kwa uandishi wa mashine 60. Ukishazitumia, soma uchakavu kwa smartctl -a kila mwezi.

Profaili zimejaza hifadhi ya faili

Kloni zinafutwa, lakini profaili za watu, yaani mipangilio na faili zao, zinabaki, na huko ndiko hifadhi inakoelekea siku hizi. Kwa wanaotumia FSLogix, zana ya Microsoft ya kuhifadhi profaili, kila mtumiaji ana faili yake ya VHDX, yaani kontena. Ukomo wake wa kawaida ni MB 30,000. Inakua mtu anapoandika, na kwa matoleo ya zamani haikuwa ikipungua kamwe.

Dalili ya kwanza ni mtumiaji mmoja kuambiwa diski imejaa ilhali C: ina nafasi. Kontena lake limefika ukomo. Ongeza SizeInMBs, mpangilio wa ukomo huo, atoke na kuingia tena. Kupunguza baadaye haiwezekani kwa njia hiyo, kwa hiyo kabla ya kuongeza, angalia ndani kuna nini. Mara nyingi ni kashe ya kivinjari, folda ya Downloads, na faili ya OST, yaani nakala ya barua ambayo Outlook huihifadhi kwenye mashine.

Kwa Chrome na Edge kuna sera ya DiskCacheSize. Ipe ukomo, kwa mfano 256 MB. Kwa Outlook, shusha muda wa barua zinazohifadhiwa uwe miezi mitatu. Wapo wanaoshauri kuzima hifadhi hiyo kabisa ili kontena liwe dogo. Ofisi iliyo karibu na nyaya za kasi inaweza. Tawi la Moroto au Kitgum lenye intaneti ya kubahatisha lisifanye hivyo, maana kila barua itafunguliwa kwa kusubiri.

Dalili ya pili ni makontena yote kuwa makubwa kuliko yaliyomo. Toleo la FSLogix 2210 lilileta ugandamizaji wa kontena, yaani kulipunguza lirudi karibu na ukubwa wa yaliyomo, mtu anapotoka. Kama una toleo hilo au jipya zaidi na bado hayapungui, angalia huduma ya Windows iitwayo Optimize Drives, yaani defragsvc. Ikiwa Disabled, kontena haligandamizwi. Zana nyingi za kuharakisha imeji huizima. Iweke Manual kwenye imeji mama, zalisha kloni upya, na mwachie kila mtumiaji atoke mara moja. Kama watu wako hawatoki bali wanafunga tu dirisha, ugandamizaji hautokei. Weka sera ya kuwatoa walioachwa wazi kwa saa kadhaa.

Dalili ya tatu haionekani kwenye kompyuta ya mtu yeyote: profaili za walioondoka. Wanafunzi waliohitimu, wafanyakazi waliohamia kazi nyingine, vibarua wa mradi ulioisha. Panga folda za makontena kwa tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho:

Get-ChildItem -Recurse -Include *.vhd,*.vhdx | Sort-Object LastWriteTime | Select-Object FullName, LastWriteTime, Length

Linganisha na orodha ya rasilimali watu au ya msajili. Usifute kwa kuangalia tarehe peke yake, kwa kuwa mtu anaweza kuwa likizo ya uzazi au masomoni. Lakini pia usiyaweke milele kwa hofu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 haitaki taarifa binafsi zikae kuliko inavyohitajika kwa kazi ambayo zilikusanyiwa, na kontena la mtu lina barua zake, picha zake, wakati mwingine manenosiri aliyoyahifadhi kwenye kivinjari. Peleka orodha kwa mkuu wa idara, apate muda wa kusema nini cha ofisi kitolewe ndani, asaini. Kisha hamisha kontena kwenye diski ya pembeni yenye usimbaji kwa muda ambao sera yenu imeutaja, na muda huo ukiisha, lifute pale na kwenye nakala rudufu pia.